Seva Nyuma ya Kabati

Jumatano, 2 Januari 2008
Mtaa wetu wa Laini Saba mzima hakuna mkate. Mke wangu Mutheu amekwama Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kwa dadake Nzilani. Alienda kula Krismasi, vurugu za kura zikamkuta huko. Kredo ya simu haipatikani kokote. Nimemkosa vibaya. Kompyuta yangu nayo inanguruma hata nisipoigusa. Aliyeishika mwisho ni Nicanor, jirani wa mlango wa pili, fundi wa kila kitu. Mutheu humsifu hata chai ikichemka.

Ijumaa, 4 Januari
Nimemnasa! Nimefuata waya nyuma ya kabati. Waya umepenya mabati hadi kwa Nicanor. Mimi nilidhani ni stima ya wizi, nikawa nauheshimu. Kumbe kompyuta yangu imegeuzwa seva! Ndani yake mna ukurasa, na wapangaji wa ploti nzima huusoma kwenye skrini aliyoiweka Nicanor dirishani kwake. Maji yako wapi, duka gani limefunguliwa, njia ipi inapitika. Na kila mstari Nicanor, Nicanor, Nicanor! Betri ya gari inayoiwasha kompyuta stima ikipotea ni yangu. Sifa ni zake. Ndiyo maana Filister wa mboga humwongezea sukuma. Wivu umenishinda. Nimeiamuru mashine ibadilishe kila "Nicanor" iwe "Musau". Sikusoma zaidi.

Jumamosi, 5 Januari
Umaarufu! Sijanawa uso, watu mlangoni. Filister anauliza maji naleta saa ngapi, maana ukurasa unasema Musau huwabebea wazee mitungi. Mzee Shivachi ameleta redio, maana Musau hutengeneza bure. Kisha kundi zima na mabegi. Eti leo Musau anawavusha hadi Kawangware! Nikasema tumbo linaniuma. Filister akasema mashujaa wa siku hizi wana matumbo dhaifu. Nikatoka.

Pale mtaa wa Raila vijana wamepanga mawe njiani. Wakaniuliza jina, wajue kabila langu. Jina lenyewe likanikwama. Hapo Nicanor akatokea nyuma yetu. Kumbe alitufuata tangu nyumbani.
"Huyo ni jirani yangu, tunakaa ploti moja. Wacheni apite."
Tukapita. Yeye mbele, mimi nyuma na begi la mtu. Kurudi tulirudi na Mutheu. Njia nzima alimshukuru Nicanor. Nililia kwa furaha, na kwa lile lingine pia.

Jumapili, 6 Januari
Mutheu ameona ukurasa. Akauliza nani ameuharibu. Nikataja virusi. Hakuamini. Akasema ruhusa ya Nicanor kutumia mashine alitoa yeye kabla ya kusafiri, kwa sababu ya betri. Nicanor hajanuna hata kidogo, jambo linaloudhi sana. Mutheu akashuka hadi mwisho wa ukurasa, ambako sikufika, akanionyesha mstari aliouandika mwenyewe siku hiyo ya ruhusa: "Kompyuta hii ni ya mume wangu Musau. Ana roho safi, ingawa huificha."
Nimeapa kuacha wivu.

Jumatatu, 7 Januari
Majina yote yamerudishwa. Nimeusoma mstari wa Mutheu tena na tena. Roho safi! Kisha nikatazama vizuri. Mimi niko chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nicanor yuko juu, kwa herufi nene.
Mutheu ametoka kuteka maji. Anayembebea mtungi ni Nicanor.
Nimevuta kiti karibu na kompyuta.