Shimo Jeusi Ndani ya Flaski ya Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mradi mmoja tu wa Kidato cha Tatu utaenda Homa Bay kwenye mashindano ya sayansi. Mwalimu Osoro ataamua Jumatatu ijayo. Cephas ana mashine ya kuchuja maji, yenye taa na kelele. Mimi nina mashimo meusi ya angani, yanayomeza hata mwanga. Cephas akaniuliza mbele ya wote kama langu liko ndani ya begi, eti asije akatumbukia. Darasa zima likacheka. Jibu kali lilinijia. Saa moja unusu jioni, nikiosha vyombo nyumbani.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Kitabu kinasema: fungia joto ndani ya sanduku. Joto likiwa kidogo, unabaki na miali tu. Likipita kiwango fulani, ghafla, shimo jeusi! Sawa kabisa na unga wa muhogo. Kwenye maji baridi hauna neno. Maji yakifika joto lake, mara moja gundi. Mwiko unasimama wenyewe!

Kinachokosekana ni sanduku lisilovuja joto. Mama ana flaski mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Jua halijazama, Mama amejaza flaski za Sabato, maana kesho jiko haliwashwi. Moja chai, moja maji moto. Zote nyekundu. Wageni wa kesho ni wawili tu, chai itawatosha. Nimetia vikombe viwili vya unga kwenye ile ya maji, nikatikisa. Mama huyo mlangoni! Nikanyakua flaski, nikaificha chini ya kitanda. Hakushuku kitu. Mimi ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 14 Juni
Nilificha ya chai.

Wageni walikuwa Mwalimu Osoro na Mzee Gichana wa kanisa. Mama akainamisha flaski juu ya kikombe. Hakuna kitu. Akaipindua kabisa. Akaipiga kofi. Mzee Gichana akasema, "Mama Nyatichi, hii chai ina haya kama binti yako."

Mama akanitazama. Nikafungua mdomo niombe msamaha, yakatoka mashimo meusi yote, dakika ishirini, bila kupumua. Kisha nikatambaa chini ya kitanda kuleta chai. Mwalimu alikunywa vikombe vitatu. Akauliza maswali mawili. Nikayajibu!

Jumatatu, 16 Juni
Ninaenda Homa Bay! Cephas alinuna hadi saa nne, kisha akaja kuniazima taa yake. Mwalimu ametoa sharti moja: nisiguse tena chombo chochote cha Mama. Nimeapa. Nyumbani Mama akaniapisha upya, mkono juu ya Biblia.

Sitagusa. Flaski ya kanisa si ya Mama. Ni ya lita tano. Unga nimeshapima.