Chupa Haifunguliwi kwa Watoto Wawili

Jumatatu, 4 Machi

Bila mimi ukoo huu ungeshapotea njia. Sijisifu, nasema yalivyo. Watu wanaamka, wananawa uso, wanauliza mjomba kasemaje.

Leo vilevile. Tumekwenda kumwona mpwa wangu, binti ya dada. Kajifungua Ijumaa, mtoto wa kiume, kichwa kizuri kama changu. Lakini ana wasiwasi. Mtoto hajachanjwa kifua kikuu, maana alizaliwa jioni na chupa ya dawa ya siku ile ilikuwa imeshamwagwa. Kaambiwa ampeleke kliniki Jumatano. Sasa anauliza: kiumbe mdogo vile, mkono kama kidole, sindano haitamdhuru? Na kile kidonda kinachotokea baadaye, je?

Alimuuliza mke wangu. Lakini nilikuwemo chumbani, kwa hiyo kaniuliza mimi. Nikajibu kirefu. Mke wangu akasema swali la nesi apelekewe nesi, huyu kasomea wapi? Wivu.

Alasiri, kwa kinyozi. Nikawaeleza nilivyochanjwa mimi utotoni: mkono ukavimba kama mkate mzima, nikavaa mkono mmoja shati langu na mwingine shati la baba, na chozi halikunitoka. Watu midomo wazi! Ndipo Fundi Redio, mtu asiyevumilia mwenzake akisikilizwa, akadakia kwamba huo mkate mdogo. Binamu yake alivimba mpaka mlango ukabomolewa apite. Uongo mtupu! Mimi angalau mkono ninao.

Jumanne, 5 Machi

Hadithi yangu imefika mtaa wa pili! Muuza maziwa kanisimulia mlangoni kwangu, kwa kunong'ona. Ati kuna mtoto kachanjwa, mkono ukavimba kama mkate, mlango ukabomolewa. Akina mama wameapa kesho hawaendi kliniki ng'o.

Nikamuuliza kaisikia kwa nani. Kwa Fundi Redio!

Damu ikanichemka. Mkate ni wangu! Mlango ndio wake. Nikamsimamisha muuza maziwa pale pale, nikamchambulia kipi cha nani, mpaka maziwa yakakaribia kuganda. Akasema basi mzee, yote yako, niache nipite.

Mzee? Mimi?

Jumatano, 6 Machi

Kliniki. Nimemsindikiza mpwa wangu, kwa sababu bila mtu mwenye kauli, hawa manesi wanakufanya mpira. Siku nyingine benchi lile hujaa mpaka watu wakakalia ndala zao. Leo watoto wawili tu: wetu, na wa mwanamke aliyehamia juzi, ambaye bado hana wa kupiga naye soga.

Nesi ni mwanamke mfupi, sauti kama kengele ya shule. Kasema chupa haifungui. Dawa ile ikishachanganywa haikai, saa chache tu inamwagwa, na chupa moja inatosha benchi zima. Turudi Ijumaa, wakipatikana watoto wa kutosha.

Nikasimama. Nikajitambulisha. Jina, ukoo, na wakubwa wanaonijua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, na huyu naye anakuja kuchanjwa? Wanawake wawili wakacheka. Mmoja wao mpwa wangu, damu yangu mwenyewe!

Kisha nesi akauliza kama tunamjua mpumbavu anayesema mikono inavimba kama mikate. Nikasema mitaa siku hizi imejaa watu wasio na kazi. Mpwa wangu akanitazama. Sikulipenda jicho lile.

Akamgeukia nesi, akamuuliza yote, bila haya. Nesi akajibu: wiki kadhaa zikipita kitatoka kipele, pengine kitoe usaha kidogo, kitakauka chenyewe, kitabaki kikovu. Usikikamue. Usipake kitu. Usikifunge. Ukiona uvimbe mkubwa, au kwapani, mlete tumwone. Na chanjo yenyewe inamkinga na kile kifua kikuu kikali kinachowaparamia watoto mpaka kwenye ubongo. Mimi ningejibu hivyohivyo, ila kwa ufasaha zaidi.

Tukarudi, mpwa wangu mbele na mtoto, mimi nyuma. Tulipofika kwake nikasikia ng'ambo ya dirisha: koh, koh, koh. Fundi viatu wa nyumba ya pili. Kagundulika ana kifua kikuu, kaanza dawa majuzi. Nesi anajua, na ndiye aliyesisitiza mtoto asicheleweshwe.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "dirisha la mwanangu linatazamana na kikohozi. Chupa ipo, nesi yupo. Mkate wako ndio umekaa katikati."

Akaongeza kwamba mpaka mtoto achanjwe, nisimguse. Mimi! Babu yake! Yaani, mjomba wa mama yake. Hilo neno babu bado sijalipitisha.

Alhamisi, 7 Machi

Wanataka watoto? Watawapata mpaka wakome!

Nimeazima spika ya muuza dawa ya panya, pamoja na baiskeli inayoibeba. Nikazunguka mtaa mzima. Sauti ilivyokuwa inatoka! Sijui redio walinikosaje. Akina mama, kesho kliniki! Leteni watoto wachanga! Bure kabisa! Sindano moja tu! Milango ikaanza kufunguka. Vichwa vikachungulia. Nikaachia kitufe nimeze mate.

Lahaula! Kumbe ukiachia kile kitufe, tangazo la mwenyewe linaendelea:

"Wanakufa papo hapo! Hawaozi, hawanuki! Mkubwa kwa mdogo, hasalimiki hata mmoja!"

Nikabonyeza kitufe. Sicho. Sauti ikapanda. Nikabonyeza kingine, likaanza upya, sasa na muziki. Mama mmoja akanimwagia maji ya vyombo. Mwingine akarusha ndala, na shabaha anayo. Fundi Redio akatoka kibandani kwake, ameshika mbavu. Nikamwomba aizime, si ndiyo kazi yake! Akasema mtu haharibu kitu kizuri namna ile. Halikunyamaza mpaka baiskeli ilipotumbukia mtaroni. Mwenye baiskeli na mimi hatusemezani.

Mpwa wangu kasikia kila kitu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kajitanda, kambeba mwanawe, katoka. Mke wangu nyuma yake. Wakaanza nyumba kwa nyumba. Nikawafuata kwa mbali ili niwasaidie. Mke wangu akainama, akaokota jiwe.

Nikarudi.

Ijumaa, 8 Machi

Benchi limejaa! Ndala zimekaliwa! Watoto wanalia kama bendi inayotafuta sauti. Na iandikwe hapa kwamba ni tangazo langu.

Mke wangu anabisha. Anadai mpwa wangu hakuwahubiria watu. Aliwaambia tu kwamba naye anaogopa kile kidonda, kwamba aliuliza akajibiwa hivi na hivi, kwamba kikohozi kiko dirishani pake, na chupa haitafunguliwa kwa ajili ya mwanawe peke yake. Basi wakaja. Waliobaki, anasema mke wangu, wamekuja kumwona mtu wa panya. Na kweli mama mmoja mwenye mapacha alinionyesha kwa kidole, akamwambia mwenzake amshike mtoto vizuri. Hii ndiyo shukrani ya walimwengu!

Nesi akalipitishia jicho benchi zima, akaenda kabatini, akarudi na chupa. Akaifungua. Mpwa wangu akashusha pumzi ambayo nadhani aliibeba tangu Jumatano. Nikatangaza, kila mtu asikie, kwamba naingia na mtoto wetu, kwa sababu mambo haya yanataka mwanamume. Nesi akasema aingie, lakini asiongee.

Imekwisha. Kachanjwa. Mpwa wangu hakuniomba radhi, na sikusubiri. Nje, chini ya kivuli cha paa, akaniwekea mtoto mikononi. Kisha akasema, "Haya, babu, mshike kichwa."

Nimeliacha lipite. Kwa leo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa kinyozi. Kiti cha katikati. Nikawapa habari kamili: sindano ndefu kama mwiko, nesi mikono inamtetemeka, nikamwambia tulia binti, nikamshika kiganja nikamwongoza. Mtoto akaitazama sindano, akacheka.

Kijana mmoja aliyekuwa ananyolewa, mkewe siku zozote atajifungua, akageuka na povu lake usoni. Akauliza, kama mwiko kweli? Nikamwambia kama miwili.

Fundi Redio, hasidi yule, akauliza kwa upole kabisa: mtoto kachomwa mkono upi? Nikasema kulia. Kinyozi akasimamisha wembe. Mjukuu wake naye alikuwepo jana, na wote walichomwa kushoto. Nikasema wetu ni mtoto maalumu. Walivyocheka! Mtu anawaletea elimu mpaka mlangoni, wanacheka!

Nimepitia kwa mpwa wangu ili nihakikishe. Mtoto amelala, kafungwa kama kifurushi. Na kuuliza siwezi.

Isitoke nje ya daftari hili: sijui ni mkono upi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimefumba macho.