Kipimo cha Pengo

Kuanzia Jumatatu, Mkurugenzi alitangaza huku mikono kaikunja kifuani, idara nzima ingeingia kwenye Mpango Mkakati wa Kupima Thamani ya Kazi. Utaratibu wenyewe mwepesi: kila mtumishi akae nyumbani kwa zamu, wiki moja. Akitafutwa, kazi yake ina maana. Asipotafutwa, abaki hukohuko.

"Na wewe, bosi?" dereva akachokoza kutoka nyuma.

"Mimi ndiye mfano."

Akaanza mama wa usafi. Hata saa sita haijagonga, vyoo vya ghorofa nzima havikaribiki. Mkurugenzi mwenyewe akampigia simu, pua kaiziba: "Mama, rudi. Nakuomba, rudi!" Kamati ya Tathmini, aliyoiunda yeye, ikaridhika: kazi ina maana.

Ikafika zamu ya Mkurugenzi. Koti akaliacha kwenye mgongo wa kiti cha ofisini, kama kawaida yake miaka yote akiaga kwamba anatoka kidogo, kumbe mpaka kesho. Akakaa sebuleni, simu mapajani, akisubiri nchi iyumbe.

Kimya. Siku ya tatu mkewe akaipiga ile simu kutoka jikoni. Ikaita.

"Nzima, baba watoto," akasema. "Nilikuwa naijaribu tu."

Wiki ilipoisha alirudi ofisini roho mkononi. Katibu wake akashangaa.

"Kwani ulitoka, bosi?"

"Wiki nzima!"

"Mbona koti lilikuwepo? Watu wakaingia, wakaeleza shida zao mpaka mwisho. Hamna wa kuwakatiza, hamna njoo kesho. Ukimya tukauhesabu idhini, nikagonga muhuri. Mafaili yote yaliyokwama yamepita."

Kamati ikaketi hapohapo, ikasoma uamuzi kwa masikitiko ya kiofisi: Mkurugenzi hakutafutwa. Koti limethibitishwa kazini.

"Upuuzi! Nakata rufaa!" Akanyoosha mkono achukue koti lake.

Katibu akamzuia, kwa adabu zote. "Samahani, liko kazini. Na rufaa zinasikilizwa na Mkurugenzi. Subiri hapo nje, utaitwa."

Akakaa kwenye benchi la korido, shati tupu, baridi inampuliza. Mama mmoja mwenye bahasha akamsogezea nafasi.

"Mara ya kwanza, kaka? Usiogope. Zamani humo ndani palikuwa na jeuri mmoja, we acha tu. Huyu wa siku hizi anasikiliza."