Siku Kumi na Moja Zatosha Kujua Gari

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetamka jambo mbele ya dada yangu, na jambo likishatamkwa mbele yake halirudi. Mama amepangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho: Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane mchana, hospitali ya upande wa pili wa mji. Dada akasema atampeleka, kama kawaida yake. Miaka mitatu sasa ndiye anayempeleka kila mahali, na kila mara hupiga honi mbili mlangoni ili mtaa wote ujue. Nikasema safari hii nitampeleka mimi, kwa gari la marehemu baba lililolala uani chini ya turubai.

Dada akauliza nitaliendesha au nitalisukuma. Nikamjibu siku kumi na moja zatosha kujua gari. Mimi ni fundi saa. Mtu anayefungua na kufunga saa yenye vyuma mia atashindwa na kitu chenye pedali tatu?

Mama akatabasamu kuelekea nilipokaa, au karibu na hapo. Basi, nimeshafungwa.

Jumanne, 4 Juni

Shule ya udereva. Mwalimu ni mama wa makamo, mpole, aliyeendesha malori miaka ishirini. Akaniuliza umri. Arobaini na tisa. Akasema kijana huchukua wiki sita, na mtu mzima huongezewa wiki moja kwa kila aibu aliyonayo. Nikamwambia mimi sina aibu. Akasema basi tuwashe.

Gari lilizimika mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano halikuzimika. Liliingia kwenye ua wa michongoma.

Nilipokuwa na miaka ishirini, baba aliniita uani, ufunguo mkononi, anifundishe. Nikamwambia Jumapili ijayo. Wakati ule nilikuwa na Jumapili nyingi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejifunza mwenyewe kibandani kwangu pa saa. Kandambili tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Mfuniko wa sufuria mkononi. Nilikuwa nimeshafika mbali nilipoinua macho nikamwona mteja amesimama na saa yake ya ukutani. Akaniuliza kama arudi nikishafika.

Mke wangu akasikia habari hizo kabla sijafika nyumbani. Anashauri tuweke teksi ya Ijumaa, ya tahadhari tu. Nikakataa. Teksi ni kwa watu wasio na mtoto wa kiume.

Jumapili, 9 Juni

Dada alipiga simu. Ijumaa ana safari ya kikazi, ila yuko tayari kuiahirisha. Nikamwambia aende salama. Akaniuliza mara tatu kama nimeshajua kubadilisha gia. Nikasema zote. Ukweli: ya kwanza naijua, na ya tatu niliwahi kuiingiza kwa bahati mbaya.

Mama alikuwa amekaa kando akinisikiliza. Baadaye akamwomba mke wangu amtolee gauni lake la samawati, lipigwe pasi mapema.

Jumatano, 12 Juni

Mlima. Unasimama katikati ya kilima, unaondoka bila kurudi nyuma. Mimi nilirudi nyuma mpaka tulikoanzia, na kupita kidogo. Mwalimu akasema nisifanye mtihani wa leseni Ijumaa. Nikambembeleza mpaka akaandika jina langu, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu alinifundisha nani.

Mtihani ni saa nne asubuhi, unachukua nusu saa, na mlima ndio wa mwisho. Nikawaza: laiti nusu saa ingekuwa fupi.

Mchana akaja kibandani bwana mmoja mwenye saa ya mkono iliyosimama. Nikamtambua. Ndiye mtahini mwenyewe, yule anayejulikana kwa kutopoteza dakika. Anaitaka Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya kazi. Nikamwambia bila shaka.

Nimeitengeneza. Kisha, Mungu anisamehe, nikaifupisha ile springi nyembamba ya ndani. Sasa katika kila nusu saa inaongeza dakika kumi. Muda wake utaisha kabla hatujaufikia mlima. Miaka ishirini na mitano ya ufundi sijawahi kuiharibu saa ya mtu makusudi. Akili ilikuwa inajipongeza.

Ijumaa, 14 Juni

Saa mbili kamili alichukua saa yake, akaiweka sawa na ya kibandani, akanishukuru. Mimi nikafunga kibanda, nikanywa chai bila haraka, nikafika uwanjani saa nne kasorobo. Nikajisifu kwa kuwahi.

Mtahini hayupo. Mwalimu amesimama peke yake. Akasema bwana yule aliniita jina saa tatu na nusu, akisema ni saa nne. Mwalimu alipombishia akamwonyesha saa, imetoka kwa fundi asubuhi ileile. Alisubiri kidogo, akaandika sikufika, akaenda zake.

Mimi, fundi saa, nilisahau kwamba saa ya mbio haingoji mtihani uanze.

Nikamfuata ofisini kwake, mwisho wa mji. Nikapanga foleni. Nikatumwa dirisha lingine. Simu nilikuwa nimeizima nisisumbuliwe kwenye mtihani. Nilipotoka ilikuwa saa tisa na nusu.

Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, na gauni la samawati, mkoba magotini. Tangu saa sita. Mke wangu alileta teksi mara mbili, na mara mbili mama akairudisha. Alisema, “Mwanangu ameniambia anakuja.”

Nikamwambia yaliyotokea, yasiyo na springi. Akasema, “Mimi sikutaka dereva, baba. Madereva wako tele. Nilitaka unishike mkono wakinifunga jicho.”

Nikamsaidia kuvua viatu.

Jumamosi, 15 Juni

Mtahini amerudisha saa. Inakimbia kama imeiba, anasema. Nikasema ni vumbi. Nikaweka springi mpya, sikuchukua malipo. Akanisifu kuwa mafundi waaminifu wamebaki wachache. Afadhali angenipiga.

Dada amerejea. Nilijiandaa kwa matusi. Alinipita tu, akamkumbatia mama, akakaa naye. Nikaenda uani, nikalivuta turubai lifunike vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Mama amepewa siku nyingine, wiki tano kutoka leo. Dada atampeleka, mimi nitakaa nyuma na mama. Tumekubaliana, na nimeapa mbele ya mke wangu. Mwalimu naye anasema nikienda kila siku bila ujanja, wiki tano huenda zikanitosha. Mwanamke mwema, ila hana pupa hata kidogo.

Leo muuza mboga wa jirani na kibanda ameniambia kwamba pikipiki hujulikana kwa siku mbili. Haina mlima, haina kioo cha nyuma cha kumtisha mtu, na yake hukaa bure kila Jumatano.

Nimemtazama mama wakati wa chakula. Si mzito.