Wajumbe Saba na Kipande cha Kamba

Kwa furaha kubwa, na mbele ya maikrofoni mbili, moja ikiwa nzima, Mkurugenzi wa Idara ya Kuhamasisha na Kuzuia Hempu alilitangazia taifa kwamba kuanzia siku hiyo kila raia yuko huru kulima hempu. Alieleza kwa ufasaha. Hempu ni ndugu wa bangi, lakini ndugu mwenye adabu zake: hailevyi. Shina lake linatoa kamba, magunia, nguo na karatasi. Mbegu zinakamuliwa mafuta. Hata makapi, ukiyachanganya na chokaa, unapata matofali ya nyumba.

Masharti yalikuwa mepesi. Mkulima athibitishe kwanza kwamba hempu yake hailevyi. Ili kuthibitisha, alete sampuli. Ili apate sampuli, alime. Akilima bila uthibitisho, jela. Tangu utaratibu huo uanze, hakuna mkulima hata mmoja aliyelalamika, na Mkurugenzi aliliandika hilo kwenye ripoti kama mafanikio.

Ndipo akaja Mama Kamba.

Mama Kamba alikuwa na karakana nyuma ya maegesho ya malori, ambako yeye na wenzake walisokota kamba za kufungia mizigo huku wakiusengenya mji mzima. Nyuzi za hempu alizotumia zilitoka nje ya nchi, na bei ilikuwa imepaa mpaka haishikiki. Asiporuhusiwa kulima zake mwenyewe, karakana ilikuwa inafungwa. Isitoshe, alikuwa dada wa mke wa Mkurugenzi, na hakuna mlinzi wa getini ambaye hakuambiwa.

"Shemeji!" aliita kutoka mlangoni. "Umenawiri! Dada anakulisha nini?"

"Ofisini hakuna shemeji," alisema Mkurugenzi, akiurudishia mlango haraka. "Sampuli iko wapi?"

Mama Kamba akabwaga fungu la kamba mezani. "Hempu tupu. Imeingia kihalali, ushuru umelipwa. Thibitisheni hiyo. Karakana ikifungwa, wenzangu wote nakuletea sebuleni kwako."

Mkurugenzi aliwafahamu hao wenzake. Kamati ya Uthibitisho iliitishwa asubuhi hiyo hiyo.

Mashine ya kupimia ilikuwepo, ila bado ilikuwa ndani ya boksi, ikisubiri kuundwa kwa kamati ya kufungua maboksi. Sheria, hata hivyo, iliruhusu uthibitisho wa watumishi saba wenye akili timamu. Wajumbe walitazamana, wakajiona wanafaa. Mhasibu akapendekeza njia ya moja kwa moja: ivutwe. Kamba ikakatwakatwa kwa mkasi wa ofisi, ikaviringishwa ndani ya waraka wa kubana matumizi, ikawashwa.

Walivuta kwa uzalendo. Walikohoa, wakatokwa machozi, wakafungua madirisha.

"Nani amelewa?" aliuliza Mkurugenzi.

Wajumbe wakatikisa vichwa.

"Mimi nasikia njaa," alisema Mhasibu, "lakini hiyo nilikuja nayo."

"Basi hailevyi," alisema Mama Kamba, aliyeketi pembeni kama mwangalizi. "Gongeni muhuri, watu wananisubiri."

Mwanasheria wa Idara akainua kidole. "Kuna kifungu. Ikithibitika hailevyi, inakuwa zao tu, kama mahindi. Inahamia Wizara ya Kilimo. Idara inavunjwa."

Mkurugenzi aliliona gari lake, kisha dereva wa gari lake, kisha kiyoyozi, vyote vikimpungia mkono.

"Na posho za vikao?" aliuliza Mhasibu.

"Vikao vya nini, bwana?" alijibu Mwanasheria. "Si tumevunjwa?"

Mhasibu akasimama. Akayumba. Akaushika ukuta. "Jamani," alisema, "mbona naona kabati mbili?"

"Mimi nimelewa tangu mwanzo," alisema Afisa Utumishi. "Nilinyamaza kwa kuheshimu kikao."

Wengine wakavua viatu wakaanza kuimba. Mwanasheria, mtu makini, aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba anacheka bila sababu. Mkurugenzi hakutaka kuachwa nyuma na walio chini yake: alipanda juu ya meza, akalala chali, akatangaza kwamba dari inapumua.

"Shuka, shemeji, utavunja meza ya serikali," alisema Mama Kamba. "Vumbi la kamba hizo nimelivuta ujana wangu wote, sijaona dari ikipumua."

"Azimio!" alisema Mkurugenzi kutoka mezani. "Wajumbe wote wamelewa chakari. Kwa hiyo hempu inalevya. Na mwanamke huyu ameingiza dawa za kulevya katika jengo la umma. Iteni polisi."

Wajumbe wakasaini, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono iliyotulia kabisa.

Afande aliyekuja alikuwa mama mmoja mpole, asiyependa haraka. Alilisoma azimio, akalisoma tena.

"Kamba ya nani?"

"Yangu, na stakabadhi ya ushuru hii hapa."

"Umevuta?"

"Mimi? Na pumu hii?"

"Basi kuwa na kamba si kosa." Afande akageukia azimio. "Lakini hapa kuna watumishi saba, saa za kazi, wamekiri kwa maandishi kutumia kilevi. Vaeni viatu, twende."

Kwenye benchi la kituo, ulevi uliwatoka wote kwa pamoja.

"Afande, hatukulewa," alisema Mkurugenzi.

"Imeandikwa chakari."

"Tulipitiwa."

"Basi andikeni ukweli."

Wakaandika. Kila mmoja alieleza kwamba, akiwa na akili timamu, alivuta hempu mpaka macho yakamwiva na hakuona tofauti yoyote. Afande akagonga muhuri. Mama Kamba, aliyewafuata ili dada yake asije kusema amemtupa shemeji, akaomba nakala.

"Ya nini?" aliuliza Afande.

"Watumishi saba, akili timamu, hailevyi. Si ndiyo sheria inavyotaka?"

Wote wakamtazama Mwanasheria. Alikohoa kidogo. "Kusema kweli," alisema, "sheria haisemi ni muhuri wa ofisi gani."

Mama Kamba akaikunja nakala yake, akaitia kifuani.

"Mzee, hujamaliza," Afande alimwambia Mkurugenzi. "Hapa nimeacha wazi. Kazi yako?"

"Mkuru..." alianza Mkurugenzi. Akakikumbuka kile kifungu.

"Mwandikie anatafuta," alisema Mama Kamba.