Nyongo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1996
Daktari Hezroni katuletea sanduku la kujifunzia upasuaji wa matundu madogo. Vyuma virefu vinapita tunduni, kamera iko ndani, sisi wanafunzi wake tunatazama televisheni tuliyoazima kwa Andrea wa kibanda cha video, Mbugani. Ndani ya sanduku, ini la kuku. Kazi: kutoa kifuko cha nyongo bila kukipasua. Nimekipasua. Kijani kila mahali. Daktari anataka kila kosa lisimuliwe mbele ya wote. Mwanafunzi mwenzangu Lugano kasimulia yake kama anatoa ushuhuda kanisani. Mimi aibu tupu. Atakayefanya vizuri atashika vyuma Ijumaa kwa mgonjwa wa kweli, kisha kozi Dar. Lazima niwe mimi, si Lugano.

Jumanne, 4 Juni
Nimejitolea kuandaa maini. Kifuko changu nimekifyonza nyongo kwa bomba la sindano, nikajaza maji. Kimepasuka tena, hakuna aliyeona. Nikaulizwa makosa yangu. Nikasema sina. Lugano alikuwa na ya kututosha wote wawili.

Alhamisi, 6 Juni
Nimechaguliwa! Mgonjwa ana vijiwe kwenye nyongo: Mzee Yohana wa Katumba Songwe, baba wa mume wangu Oscar. Nikamweleza Daktari, ambaye ni Mpare, kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Nikimwona njiani naingia migombani. Akafurahi. Akasema upasuaji huu ndio unaotufaa, maana nitatazama televisheni tu. Mzee naye kamtuma Oscar, kwa kuwa hasemi nami: ndaga fijo, anashukuru kupata mkamwana asiyekosea. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Nilishika vyuma. Nikavuta kifuko, kikaanza kuchanika. Lugano, aliyeshika kamera, akaninong'oneza nilegeze, hivyo ndivyo alivyopasua chake Jumanne. Nikalegeza. Daktari akamalizia. Mzee yu mzima, ameomba uji. Nililia chooni.

Jioni, kusimulia makosa. Nikasema mimi sina, ila mshika kamera ana maneno mengi. Daktari kozi kampa Lugano. Mimi, kwa kuwa sina kosa la kusimulia, nirudi kwenye sanduku Jumatatu mpaka nilipate.

Nimejitolea tena kuandaa maini. Bomba la sindano liko kwenye pochi.