Udongo Wangu Utatoa Gesi Nyingi Kuliko wa Mabula

Jumatatu, 4 Novemba

Wiki imeanza leo na mimi nimeshachoka. Mradi wa kupima udongo umefika hapa kijijini kwetu, Tinde. Mtaalamu wao, Dada Euphrasia, amezika pete za chuma kwenye shamba langu na la jirani yangu Mabula. Anafunika pete kwa ndoo, mrija unapeleka hewa kwenye kimashine. Udongo unapumua, anasema, na gesi yake inaongeza joto duniani. Shamba moja litachaguliwa kuwa la mfano na litachimbiwa kisima chenye pampu ya jua.

Kisima! Mke wangu Vumilia anafuata maji bondeni kila asubuhi, na goti limemvimba. Nikimwona anavyoinuka na ndoo naona aibu, basi nageukia upande mwingine. Kisima hiki lazima kije kwetu.

Mkutano ulikuwa mrefu mno. Nilitoka kupokea simu, niliporudi watu walikuwa wanakunywa soda.

Jumanne, 5 Novemba

Mabula halimi. Anapanda bila kulima! Mabua ya mwaka jana ameyaacha shambani, na ng'ombe wa watu wakija kuyala anawafukuza. Tangu lini? Huku kwetu baada ya mavuno shamba ni la mifugo ya wote. Wazee wamemnunia. Udongo wake umelala tu, gesi itatoka wapi?

Mimi nilikaa machimboni Geita, najua sampuli. Kabla mnunuzi hajaja tulikuwa tunanyunyiza vumbi la dhahabu kwenye mawe. Akipima, anafurahi mwenyewe. Ndoo ya Euphrasia ni hivyo hivyo.

Vumilia anadai alikaa mkutanoni mpaka mwisho, na kwamba mradi unatafuta shamba lenye gesi kidogo. Nikamuuliza ameona wapi mnunuzi anayetafuta kidogo. Akachukua ndoo yake akaenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimelima kwa plau, kisha nikarudia. Ng'ombe hoi, mimi hoi. Nimemwaga samadi mbichi mikokoteni kwa mikokoteni, nyingi nikaizungushia pete, na urea juu yake. Harufu imefika barabara kuu. Mabula alipita, akanisalimia, mwangaluka, akaziba pua. Wivu!

Ijumaa, 8 Novemba

Euphrasia kapima. Akakunja uso, akapima tena. Dalili nzuri! Nikamuuliza ni wapi ameona gesi nyingi kuliko kote. Akasema alisomea nchi ya baridi kali, ambako udongo unaganda miezi mingi. Barafu ikianza kuyeyuka, gesi inafumuka kwa mkupuo, hasa kwenye mashamba yaliyojazwa mbolea. Alisema kwa huzuni. Nadhani amekumbuka huko.

Barafu!

Jumamosi, 9 Novemba

Nilikwenda stendi kwa Bhoke, muuza samaki, kuomba barafu. Akauliza ni ya samaki gani. Nikasema ni ya udongo. Akanipa. Nikaifunga kwenye gunia lenye maranda, nikapanda baiskeli. Jua la saa sita! Nusu imeyeyukia mgongoni mwangu. Iliyobaki nimeizika kuzunguka pete, katikati ya samadi.

Vumilia alirudi kutoka bondeni akanikuta nazika maji. Akakaa kizingitini, akanyoosha mguu. Baadaye akasema, bila hasira, kwamba barafu ile ingemfaa kukandia goti. Iliniuma. Kweli sikuwa nimefikiria.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimevamiwa! Mtu aliniona nikizika vitu kando ya vyuma vya wataalamu, na habari ikafika machimboni: Maduhu kapata dhahabu, anaificha. Kumepambazuka shamba limejaa wanaume na sululu. Niliwaambia ni barafu. Wakacheka sana, wakasema hata wao wangejibu hivyo. Wamechimba mpaka wakazama kiunoni kwenye samadi. Mwenyekiti wa kitongoji alipowaondoa, pete ya Euphrasia haikuonekana. Nasikia inauzwa Geita kama kifaa cha kutafutia madini.

Jumatano, 13 Novemba

Matokeo. Kisima ni cha Mabula.

Euphrasia alinieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Walitaka gesi kidogo. Kulima mara kwa mara kunaufukua udongo gesi itoke, na samadi mbichi na urea nyingi zikilowa ndiyo balaa zaidi. Barafu yangu ilikuwa maji tu, ikalowesha vyote. Akasema kipimo alichochukua shambani kwangu Jumapili, kabla wachimbaji hawajavamia, ndicho kikubwa kuliko vyote alivyopata mkoani. Nilijivuna kidogo. Kisha nikamwona Vumilia anatazama chini.

Mabula amesema jirani yeyote achote bure. Vumilia alimshukuru, wabeja sana, akafuta machozi. Mimi nilijifanya nahesabu kuku.

Jumapili, 8 Desemba

Maji yametoka kwa Mabula. Vumilia anakwenda na kurudi kabla uji haujachemka. Goti limenywea, na leo nimemsikia akiimba jikoni. Nimefurahi, nakiri. Lakini mimi kunywa maji ya Mabula? Thubutu! Ya kwangu nakwenda kuchota mwenyewe bondeni. Mgongo unaniuma.

Kumekuja mradi mwingine. Unapima gesi anayoitoa ng'ombe akicheua. Safari hii nimekaa mkutanoni mpaka mwisho, hata soda sikugusa. Wanataka kidogo. Wakataja mambo marefu ya malisho, lakini mimi nimeshaelewa. Zawadi sikuisikia vizuri, ila Mabula hataipata.

Wanapima kesho. Tangu asubuhi nipo zizini nafunga ng'ombe midomo. Vumilia ameuliza watakula nini. Nimemwambia aniachie mwenyewe, mambo ya vipimo nayajua mimi. Akaondoka na ndoo yake.

Kamba haikutosha. Nimeazima kwa Mabula.